Betri Moja ya Mashine Tatu

Mzee Wanzagi alikataa kwenda hospitali, na sababu aliyoitoa ilikuwa imetundikwa ukutani.

"Mtu ana kisima uani kwake, halafu aende kuomba maji kwa jirani?" alimwuliza binti yake Dorah. Alikuwa barazani kwake Mwitongo, Butiama, kwenye kiti cha kamba, kiganja kimekandamiza kifua kama mtu anayeulinda mfuko wake gulioni. "Wenzangu wanabebwaga mpaka Musoma, wanafia njiani. Mimi tiba inalala na mimi nyumba moja."

"Baba, ile ni ya moyo uliosimama. Wako haujasimama, unauma. Moyo unaouma unapimwa hospitali."

"Basi ukisimama, itausukuma. Si ndivyo mume wako alivyosema mbele za watu?"

Ndivyo alivyosema. Siku ya uzinduzi, Florian alisimama chini ya turubai akiwa na kipaza sauti na kuwatangazia wanakijiji kwamba kuanzia siku hiyo hakuna moyo utakaosimama Mwitongo bila ruhusa. Watu walipiga makofi na vigelegele. Sentensi yenyewe haikuwa na maana yoyote, lakini ilitamkwa vizuri, na Mzee Wanzagi aliikariri neno kwa neno. Alikuwa na haki ya kuikariri: mashine ile ya kushtua moyo ilikaa katika chumba chake cha mbele, alichokodisha kwa mradi. Kwamba mwenye chumba alikuwa baba mkwe wa mratibu wa mradi, ni jambo ambalo mradi haukuuliza na mratibu hakulisema.

Dorah aliingia ndani kuiangalia. Kabati la kioo lilikuwa safi. Juu yake mdogo wake Matrida, aliyekaa na mzee na kuitwa mhudumu wa mashine, alikuwa ametandika kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, kile kile kinachotandikwa juu ya redio na televisheni. Mashine ilikuwa imekaa ndani kama sahani za wageni. Mahali pa kijitaa cha kijani palikuwa peusi.

"Jicho lake limefumba siku nyingi," mzee alisema kutoka barazani, kama aliyemwona anachotazama. "Namwuliza Matrida, ananiambia imelala. Mashine inalalaga?"

Matrida, aliyekuwa akichambua mlenda mlangoni, aliinamia ungo. Yeye ndiye aliyeichomoa betri. Ilipoanza kuisha, mashine ilikuwa inalia kama kifaranga kilichopotezana na mama yake, na mzee hakupata usingizi. Matrida aliitoa akaianika juu ya bati, juani, kama walivyoanika betri za redio tangu akiwa mtoto ili zipate nguvu tena. Za redio zilipataga, walau za kusikilizia taarifa ya habari. Hii ilipasuka. Alimpigia shemeji yake simu akilia, na shemeji alimwambia asijali, afunge tu kabati.

"Inalala, baba," Dorah alisema.

"Haya. Mradi isisahau kuamka."

"Kwa nini usimwulize Florian mwenyewe?"

Mzee alicheka, kicheko kikakatika katikati, akasubiri maumivu yapite. "Mkwe haulizwi. Ng'ombe wa mkwe ukishampokea, humfungui mdomo uhesabu meno. Siku ile ya mahari yako niliyaona masikio ya wale wanne. Nikanyamaza."

Dorah naye aliyaona. Watu wa Florian walikuwa wavuvi wa Bukima, na wavuvi wana makasia kuliko ng'ombe. Wanne kati ya wale walioletwa walikuwa na alama ya ukoo mwingine masikioni, na wiki chache baada ya harusi walipelekwa malishoni wasirudi. Mzee hakudai. Alisema neno moja tu, na ukoo mzima ulilikumbuka: ng'ombe wa kuazima akilia, anaita kwao.

"Alhamisi mgeni wenu anakuja," mzee aliendelea. "Atamkuta mwenye nyumba kitandani hospitali? Mwenye mashine? Si nitakuwa nimeitukana?"

*

Florian alikuwa sebuleni kwao Buhare, mjini Musoma, kompyuta mapajani, akiandaa ratiba. Alikuwa mtu wa ratiba. Alizipanga kwa rangi, na kila rangi ilikuwa na maana ambayo yeye peke yake aliijua.

"Mama Lilian, njoo uone. Mkaguzi analala Mwanza, kwa hiyo anaanzia Bunda. Betri iko Bunda. Anaikagua, anakunywa chai. Na chai yenyewe Shija wa ukumbini ataiwekea supu ya sato na risala. Shija akianza risala, jua linahama. Hapo betri inatoka dirishani, wewe na Gody wa bodaboda mnapita Kiabakari, mnaiweka Butiama. Sisi tunakuja polepole. Anaikagua, anakula chakula cha mchana kwa mzee. Betri inatoka, Gody anaikimbiza Musoma. Jioni anaikuta ofisini inamkonyeza. Tatu kwa tatu."

"Na baba?" Dorah aliuliza.

"Baba atampokea mgeni. Nimemwandikia hata maneno."

"Baba anaumwa kifua, Florian. Hataki kwenda hospitali kwa sababu ya hilo kopo lako."

Florian alifunga kompyuta nusu, ishara kwamba anasikiliza nusu. "Mzee ana gesi. Anakulaga viporo."

"Nataka kumwambia kwamba haina betri."

"Mwambie Ijumaa. Ukimwambia leo, atamwambia kila anayekuja kumjulia hali. Alhamisi mkaguzi anapokelewa barazani na habari ya betri. Unamjua baba yako, hana siri. Mkataba mpya ukisainiwa, betri ndiyo kitu cha kwanza."

"Hata mwaka jana ulisema hivyo."

"Mwaka jana fungu lilikuwa dogo."

Fungu halikuwa dogo. Lilikuwepo, limeandikwa kwa jina lake: betri na vibandiko vya kifuani. Lilipitia kwenye semina ya kujenga uelewa, likapitia kwenye fulana na mabango, na mabaki yake yakanunua makabati matatu ya kioo, kwa hoja kwamba kifaa cha thamani hakikai wazi. Betri za mwanzo ziliisha kama watengenezaji walivyosema zingeisha. Moja mpya iliachwa na mfadhili aliyekuja kutembea na kuitoa kwenye begi lake kama mtu anavyotoa pipi. Tangu hapo Florian alikuwa ametuma picha za kijitaa cha kijani kila mwezi, kutoka vituo vitatu. Mashine katika picha ilikuwa moja. Kitambaa cha bluu nyuma yake kilimaanisha Musoma, cha njano Bunda, na kile cha maua mekundu Butiama. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini mkwaruzo ulikuwa mahali pale pale.

Dorah alifundisha fizikia sekondari. Kila muhula aliwachorea watoto sakiti ubaoni, akaifuta kidogo katikati, na kuwauliza taa itawaka au haitawaka. Darasa zima lilijibu. Usiku ule alipima jambo kama alivyozoea kupima: upande mmoja nyumba ambayo haijapigwa plasta, shule ya Lilian, kazi ya mume, upande wa pili siku chache za kunyamaza. Hesabu haikuwa na kosa. Kilichokosekana kwenye mizani hakikuwa na uzito mpaka kitokee.

"Kwa nini niende mimi? Gody anaijua njia."

"Gody anajua njia, hajui kuiweka. Akiiweka kichwa chini, mashine inabweka mbele ya mkaguzi. Wewe una mkono." Kisha akaongeza kwa upole ambao aliuhifadhi kwa mambo ya kazi: "Ni Alhamisi tu, mama."

*

Mkaguzi aliitwa Paschal. Alishuka garini Bunda akiwa amevaa viatu vya kupandia mlima katika mji ulio tambarare, akasalimia kila mtu kwa mikono miwili, akaiangalia mashine kwa muda ule ule anaoutumia mtu kuangalia saa.

Dorah alisikia yote kutoka nyuma ya ukumbi, alikosimama na Gody kando ya pikipiki, kitenge kimefunika kichwa. Alikuwa ameomba ruhusa shuleni akisema ana mgonjwa. Haukuwa hata uongo.

"Mwalimu," Gody alinong'ona, "tukikamatwa tunasema tumeiba au tunasema tunafanya kazi?"

"Nyamaza, Gody."

"Nauliza tu. Maana nimebeba mbuzi, nimebeba jeneza, nimebeba bibi harusi. Hiki sijui nikiite nani."

Ndani, Shija, mtunza ukumbi, alianza risala. Alianza na historia ya zao la pamba. Akaenda kwenye bei ya pamba, akarudi kwenye historia. Kwenye kivuli cha ukuta Dorah aliona mkono wa mke wa Shija ukitoka dirishani, umeshika betri iliyoviringishwa kwenye gazeti kama maandazi. Aliipokea. Ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka, na ya vuguvugu.

"Mwambie mume wako," mke wa Shija alisema kwa sauti ya chini, "hapa juzijuzi alianguka mtu mnadani. Wakaja mbio kuiulizia mashine. Betri ilikuwa kwenu Musoma, inapigwa picha."

"Akawaje?"

"Akainuka mwenyewe. Kifafa. Lakini wao hawakujua kama ni kifafa, na mimi sikujua niwaambie nini. Nikasema ufunguo umepotea."

Dirisha lilifungwa. Dorah aliiweka betri kwenye mkoba, juu ya madaftari ya wanafunzi, na Gody akawasha pikipiki mbali na ukumbi, kwa kuisukuma, kama mwizi mzoefu.

Njia ya Kiabakari ilikuwa kavu na yenye vumbi. Aliukumbatia mkoba kifuani. Gody aliimba njia nzima, akinyamaza tu kwenye matuta.

*

Matrida alikuwa amechinja kuku wawili na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Mzee Wanzagi alikuwa amevaa koti la suti, katika jua lile, na tai ya kanisani.

"Shikamoo baba. Umelalaje?"

"Marahaba. Nimelala nimekaa. Nikilala chali kuna mtu anakalia kifua changu." Aliyasema kwa furaha kidogo, kama mtu anayesimulia habari za jirani mkorofi. Ngozi yake ilikuwa na rangi ya majivu yaliyopoa, na jasho lilikuwa limekaa juu ya mdomo wa juu bila kutiririka.

"Tukitoka hapa unakwenda hospitali. Leo hii, na gari la mgeni."

"Mgeni kwanza."

Dorah aliingia chumbani akarudisha mlango. Akafungua kabati, akaisukuma betri mahali pake mpaka ilipoitika kwa mlio mdogo. Mashine ilijipima yenyewe kwa muda. Kisha kijitaa kikawaka, kijani, kikazima, kikawaka.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Dorah hakujua tangu lini.

"Limefumbua," alisema. Aliegemea fremu ya mlango na kutabasamu kwa meno yote yaliyobaki. "Matrida! Njoo uone, limefumbua jicho. Mnaona? Nilisema inajua wageni."

Dorah alimsogezea kiti. Kwa muda ule, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita, kila alichokiamini baba yake kuhusu ukuta wake kilikuwa kweli.

Gari lilifika. Paschal alikagua. Alibonyeza, mashine ikasema maneno yake, naye akaitikia kwa kichwa kama anayesalimiwa. Aligeuza pakiti ya vibandiko, akasogeza miwani. "Hivi vimepita muda wake."

"Vipya viko njiani, bosi," Florian alisema.

"Viko njiani." Aliandika. "Kasoro ndogo. Lakini kwa kweli, bwana Florian, kituo cha kijijini kilichotunzwa hivi sijakiona. Hata kitambaa!"

"Hicho ni ubunifu wa jamii yenyewe," Florian alisema, na Matrida, ambaye ndiye jamii yenyewe, alikwenda kuleta maji ya kunawa.

Walipoketi barazani kula, Florian alisingizia simu akaingia ndani. Dorah alikuwa bado kwenye kiti kando ya kabati.

"Toa. Gody anangoja nyuma ya zizi."

"Iache hapa."

"Nini?"

"Baba hali yake siyo. Iache hapa mpaka apelekwe hospitali. Musoma sema imeharibika. Mbili kati ya tatu, nani atakufukuza kwa mbili kati ya tatu?"

"Mkataba unasema zote. Na nikisema ya Musoma imeharibika, ataniuliza tangu lini, na picha ya mwezi huu nilituma Jumatatu." Alikuwa anaongea bila kufungua meno, huku akitabasamu, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. "Dorah. Jioni Gody anairudisha hapa hapa. Nakuapia. Inalala hapa leo."

"Toka nje umtazame usoni. Mtazame tu, halafu uniambie nitoe."

"Amevaa koti mchana wa jua kali, unataka awe na uso gani?"

Hakwenda kutazama. Dorah ndiye aliyetazama, kupitia uwazi wa mlango: baba yake akimmegea mgeni paja la kuku, mkono mwingine kifuani, mgeni akisema inatosha mzee, inatosha. Aliyajua yote yaliyohitajika kujulikana chumbani mle. Hakuna aliyemshika mkono. Alibonyeza kifungo kwa kidole gumba chake mwenyewe, betri ikatoka, kijitaa kikafa, naye akaiviringisha kwenye gazeti lile lile na kuipeleka nyuma ya zizi.

"Iweke vile nilivyokuonyesha," alimwambia Gody. "Na uirudishe leo."

"Ikiwaka nikupigie picha?"

"Piga. Endesha taratibu."

"Taratibu au haraka, mwalimu? Chagua moja."

"Haraka," Dorah alisema.

*

Mzee Wanzagi alisimama kushukuru. Maneno aliyoandikiwa na Florian yalikuwa mfukoni mwa koti lakini hakuyatoa. Alikuwa na yake.

"Mgeni, sisi hapa ni watu wa kulima, hatuna cha kukupa. Lakini umeiona. Imefumbua jicho. Wazee wenzangu wananionea wivu, wanasema Wanzagi hafi, ana umeme ukutani. Mimi nawaambia, huo si wangu, ni wa mkwe wangu. Mkwe wangu huyu..." Alimnyooshea Florian mkono. Akasita kama aliyesahau jina. Kisha akaanguka ubavu, akaiburuta meza ndogo, na bakuli la mchuzi likamwagika juu ya tai ya kanisani na kuvunjika sakafuni.

"Mashine!" Matrida alipiga kelele. "Dada, mashine!"

Alikimbia ndani mwenyewe. Dorah alikuwa tayari amepiga magoti, amemgeuza baba yake chali, hana pumzi, shingoni hana mapigo. Alianza kukandamiza kifua kama walivyofundishwa kwenye semina, mikono miwili, kwa uzito wote. Mbavu zilikuwa nyembamba chini ya viganja vyake.

Matrida alirudi na mashine. Semina ilidumu asubuhi moja, lakini hakuwa amesahau hata hatua. Alichana shati, akapangusa jasho na mchuzi kwa khanga yake, akachana pakiti, akabandika kibandiko kimoja chini ya bega la kulia, cha pili ubavuni kushoto. Alifanya kila kitu sawasawa. Akabonyeza.

Hakuna kilichosema.

Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama watu wanavyofanya.

"Ilikuwa inaongea sasa hivi," Paschal alisema. Alikuwa amesimama na mfupa wa kuku mkononi. "Niliisikia. Bwana Florian, ilikuwa inaongea."

"Mtandao..." Florian alisema, na hakuendelea, maana hata yeye alijua kwamba kifaa kile hakina mtandao.

Matrida aliigeuza mashine. Tumboni palikuwa na shimo la mraba. Alilitazama, akaingiza vidole ndani, akavitoa, akamtazama dada yake.

"Dada. Betri iko wapi?"

Dorah hakuacha kukandamiza. "Inakwenda Musoma."

"Inakwenda kufanya nini?"

Florian alikuwa ameanza kukusanya vipande vya bakuli. Wakati wote ule, mkewe akikandamiza kifua na shemeji yake akilia, mratibu wa mradi aliokota vipande vya bakuli na kuvipanga mezani, kikubwa na kikubwa, kidogo na kidogo.

Walimpakia kwenye gari la mkaguzi. Njia nzima Dorah alikandamiza, goti moja kwenye kiti, kichwa kikigonga paa. Kwenye mapokezi ya hospitali, muuguzi aliyempokea aliweka mkono shingoni, akatazama macho, akauliza saa ngapi ameanguka, na hakuharakisha tena.

Simu ya Dorah ililia ujumbe akiwa bado koridoni, mikono imekakamaa. Ilikuwa picha kutoka kwa Gody. Kitambaa cha bluu, mkwaruzo mahali pake, kijitaa cha kijani kimewaka safi. Chini yake: *Kazi imeisha mwalimu. Inawaka vizuri sana. Msalimie mzee.*

Hakuna daktari mkweli atakayeapa kwamba mashine ingemwinua Mzee Wanzagi. Wengine haiwainui. Vibandiko vilikuwa vimechakaa, moyo ulikuwa umeuma siku nyingi. Dorah aliyajua haya na hayakumsaidia, kwa sababu hata kinyume chake hakuna aliyeweza kukikana. Alichokichomoa kilikuwa jibu.

*

Walimzika Jumamosi, pembeni mwa shamba, karibu na mkewe. Mradi ulituma rambirambi na bango lenye nembo yake. Vijana wawili walilifunga kwenye nguzo za turubai, ile ile ya uzinduzi.

Paschal hakuja mazikoni, ila alimaliza kazi yake: jioni ile ile ya Alhamisi alipita ofisini Musoma, akaikuta mashine inawaka. Alikuwa na tatizo: akiandika alichokiona, angelazimika kueleza kwa nini mwaka uliotangulia alipitisha vituo vyote kwa picha. Kwa hiyo aliandika kwamba katika siku ya ukaguzi mashine zote tatu zilionekana zikiwaka. Kila neno lilikuwa la kweli. Alisifu kitambaa.

Habari ilimfikia Florian kwenye simu wakati waombolezaji wanakula. Aliinama penye mkeka wa wanawake, akamnong'oneza mkewe sikioni.

"Tumepita."

Dorah alimtazama. Alikuwa amenyoa vizuri.

"Nilidhani nikuambie," Florian alisema. "Walau jambo moja jema."

Katika ukoo wa Wanzagi, mkwe huleta fahali baada ya mazishi. Hachinjwi siku ile. Hufungwa uani ili wazee wamwone, kisha mkubwa wa ukoo huipokea kamba na fahali huingia zizini badala ya marehemu. Florian hakuwa mtu wa kukosea ratiba. Jioni ilipokaribia, Gody aliingia uani akimvuta fahali mwekundu, mnene, nundu imelala upande. Watu waligeuka kutazama. Wengine waliguna kwa kuridhika. Gody hakuimba wala hakutania. Alimkabidhi Florian kamba na kwenda kusimama mbali, nyuma ya wanaume.

Fahali aliinua pua kuelekea upande wa ziwa, akalia, sauti ndefu. Mahali fulani kwenye mabenchi ya wazee mtu alikohoa, na mwingine akamgusa goti.

Mzee Kwangu, kaka wa marehemu, alisogea kuipokea kamba. Florian alikuwa ameishika kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anasoma simu.

Dorah aliinuka kutoka mkekani. Wanawake walimpisha, wakidhani anakwenda kulia kaburini. Alikwenda mpaka alipokuwa mumewe, akasimama kando yake, na kumwuliza kwa sauti ya nyumbani, ile ya kila siku, aliyokuwa akimwulizia habari za safari na za betri.

"Huyu naye anarudi lini?"

"Jumatatu," Florian alisema, bila kuinua macho.

Ua lilinyamaza kuanzia mbele kwenda nyuma. Florian alipoinua kichwa, midomo yake ilikuwa bado wazi mahali pale neno lilipotokea.

Mzee Kwangu alilishika sikio la fahali, akapitisha kidole gumba juu ya alama iliyokatwa pale, taratibu, kama anayesoma. Kisha akaiokota kamba iliyokuwa imeanguka chini, akamrudishia Florian mkononi, na kumfungia vidole juu yake.